Samaki wa matope jijini Nairobi: dalili, visababishi na la kufanya

Samaki wa matope (kwa Kiingereza mudskipper), yule mdogo wa mikokoni anayerukaruka juu ya tope maji yakipwa, kisha hutumbukia shimoni mtu akimkaribia, anafugika hata Nairobi. Anafugika kwa masharti yake, si yetu. Pwani ya Kenya ina aina mbili zinazoonekana sana, Periophthalmus argentilineatus na Periophthalmus kalolo, na zote zimezoea hori za mikoko kama Gazi, Tudor na Mtwapa, ambako hewa ina joto na unyevu usiku na mchana. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na Januari na Februari hewa hukauka hadi midomo ya watu ikapasuka.

Ndiyo maana malalamiko ya wafugaji yanafanana: hatoki shimoni, hali chakula, amepauka, amekufa usiku. Na mara nyingi anayelalamika ameshanunua dawa. Naomba usinunue kwanza. Samaki huyu akiwa nje ya maji hupumua kwa ngozi, kwa utando wa mdomo na koo, na kwa matamvua ambayo huyaweka na maji ndani. Hewa mbaya inamgusa moja kwa moja kama vile maji mabaya yanavyomgusa samaki mwingine. Kwa hiyo kagua hewa iliyo ndani ya tangi, halafu maji, halafu wenzake anaoishi nao. Ugonjwa uufikirie mwisho.

Vifaa unavyohitaji si vingi: vipimajoto viwili, kimoja cha majini na kimoja cha hewani, kipima unyevu wa hewa, haidromita ya kupimia chumvi, na vipimo vya matone vya amonia na naitraiti, sumu mbili zinazotokana na uchafu wa samaki. Kama mfuko hauruhusu vyote kwa pamoja, anza na vipimajoto viwili. Watu wengi wana kimoja tu, kimezama majini, na hawajui kwamba sentimita tano juu yake kuna baridi.

Vipimo vya kulenga ni hivi: maji nyuzi 26 hadi 28, hewa iliyo juu ya maji isipungue sana hapo, unyevu wa hewa asilimia 80 au zaidi, na haidromita isome kati ya 1.008 na 1.015.

Amejificha, hatoki

Kwanza jiulize amefika lini. Samaki aliyesafiri kutoka pwani kwenye mfuko anaweza kujificha wiki moja au hata mbili, na hilo si tatizo. Funika pande tatu za tangi kwa karatasi, punguza taa, mwache.

Kama ameshazoea kisha ameanza kujificha, kisababishi cha kawaida kuliko vyote, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, ni hewa baridi. Maji yana hita, yako nyuzi 27, lakini hewa ya juu iko 18. Utamwona akitoa kichwa, macho mawili juu ya mdomo wa shimo, anakaa kidogo, anarudi ndani. Pima hewa alfajiri, kabla jua halijaingia chumbani, kifuniko kikiwa kimefungwa kama kilivyokaa usiku. Kipimo cha saa nane mchana hakikwambii chochote.

Dawa yake ni kifuniko. Kioo kizima juu ya tangi, chenye mwanya mdogo tu wa hewa, hufanya joto la maji lipashe hewa na mvuke ubaki ndani. Ukiamka ukakuta vioo vina ukungu wa matone kwa ndani, umefaulu. Ukikuta vikavu, joto na unyevu vinatoroka mahali fulani. Mara nyingi ni pale pembeni panapopita nyaya. Bandika pia boksi la povu lile jeupe la kupakia samaki kwenye mgongo na ubavu wa tangi, na uliondoe tangi dirishani.

Hita yenyewe ina shida yake. Maji ya samaki huyu ni ya kina kifupi, na hita iliyosimamishwa wima hubaki nusu nje. Kioo chake hupasuka. Ilaze chini kabisa mahali ambapo maji hayatapungua hadi kuifikia, na uizungushie wavu wa plastiki, kwa sababu samaki hupenda kuikalia na huungua tumbo.

Tafadhali usilete jiko la makaa chumbani kwa ajili ya samaki, hata kwa usiku mmoja wa baridi kali. Hewa ya makaa huua watu wakiwa wamelala, na huwezi kuinusa. Stima ikipotea, zungushia tangi blanketi na uweke chupa za maji moto nje ya kioo, zikigusana nacho. Filta kuzima kwa saa chache si hatari kubwa kwake kama ilivyo kwa samaki wengine, maana anapumua hewa. Kinachomuumiza ni baridi.

Kama hewa iko sawa, tazama kama kuna mwenzake anayemfukuza kila akitoka. Halafu tazama kama ana njia ya kupanda. Jiwe lenye ukuta wima si ufuo. Anahitaji mteremko wa taratibu kutoka majini hadi pakavu, na karibu theluthi mbili ya eneo la tangi iwe tope au mchanga wenye unyevu. Mwisho kabisa, fikiria kinachopita mbele ya tangi. Macho yake yako juu ya kichwa na yanaona vizuri sana angani. Paka anayelala juu ya kabati anatosha kumfungia shimoni siku nzima.

Anakaa nje tu, hagusi maji

Kukaa nje ni kawaida yake. Dalili mbaya ni kutochovya kabisa. Mtazame nusu saa bila kusogea: samaki mzima hurudi ukingoni mara kwa mara, hujiviringisha ubavu kwenye unyevu, hulowesha mgongo, kisha hupanda tena. Asipofanya hivyo, na badala yake akang'ang'ania bomba la filta sehemu ya juu kabisa, anayakimbia maji.

Pima amonia na naitraiti siku hiyohiyo. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kusafisha uchafu, na bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujenga makazi kwenye filta, zaidi kukiwa na baridi. Kipimo chochote kisichokuwa sifuri kina maana ya kubadilisha theluthi ya maji leo na nyingine kesho, na kupunguza chakula. Maji mapya yawe na joto na chumvi sawa na ya zamani.

Amonia ikiwa sifuri, kagua chumvi. Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mahali. Maji yanapokauka kwenye tangi, chumvi haiondoki nayo. Mwenye tangi anaona maji yamepungua, anaongeza maji ya chumvi, na baada ya miezi michache haidromita inasoma kupita ya baharini, ambayo ni 1.025 hivi. Maji yaliyopungua kwa kukauka yajazwe kwa maji yasiyo na chumvi. Maji uliyoyatoa kwa ndoo ndiyo yanayorudishwa yakiwa na chumvi.

Na chumvi ipi? Chumvi ya kupikia haifai, na ayodini iliyomo siyo sababu. Tatizo ni kwamba ni sodiamu kloraidi karibu tupu, haina magnesiamu, kalsiamu wala kabonati za kutosha. Hata chumvi ghafi ya Marereni, ijapokuwa imetoka baharini, ina upungufu huohuo, kwa kuwa magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa chumvi ikishaganda. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari. Gramu 15 hivi kwa kila lita hukufikisha katikati ya vipimo nilivyotaja, lakini amini haidromita, usiamini kijiko.

Maji ya mfereji yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, kwa hiyo tangi la mchanga mtupu hushuka kuelekea uchachu polepole. Magamba ya chaza au matumbawe yaliyosagwa, kiganja kimoja ndani ya filta, hulizuia hilo. Maji ya visima vya Nairobi yana floraidi nyingi, na ya bauza hujui yametoka wapi wiki hii. Ukiyatumia, yapime kila yanapoletwa.

Ngozi imekauka, rangi imepauka, jicho halichomozi

Samaki huyu hana kope kama zetu. Anapopepesa, jicho lote huzama kwenye kijishimo chenye unyevu, kisha huchomoza likiwa linang'aa. Ukiona jicho limechomoza lakini limefifia kama kioo chenye vumbi, au limebaki limezama kwa muda mrefu, hewa imemkausha. Ngozi ya mgongo nayo hupoteza mng'ao, na madoa madogo ya fedha ya ubavuni hayaonekani.

Sababu zinazotokea sana, kwa utaratibu wa kuzikagua:

1. Kifuniko cha wavu. Wavu unafaa kwa sungura. Weka kioo.
2. Taa ya joto iliyo karibu mno. Inapasha mgongo kwa haraka kuliko anavyoweza kuulowesha. Iinue, au ibadilishe kwa taa ya LED. Joto litoke majini.
3. Feni ya chumbani, au mlango wa balkoni unaoachwa wazi Januari.
4. Pampu ya hewa inayopuliza juu ya eneo lake la kupumzikia.

Huku ukirekebisha, nyunyizia tope na vioo maji ya tangi lenyewe mara tatu kwa siku. Usimnyunyizie yeye usoni. Rangi ikirudi ndani ya siku moja au mbili, ulikuwa ukavu tu. Isiporudi, pima amonia, ambayo nayo huunguza ngozi.

Rangi kupauka usiku, au mara tu taa inapowashwa, si dalili ya chochote. Hubadilika rangi kulingana na mwanga na hofu.

Hali chakula

Baridi tena. Chini ya nyuzi 20 hivi huzubaa, na chakula alichokula jana hakijasagika. Pasha joto kwanza, chakula kitafuata.

Joto likiwa sawa, tatizo huwa ni chakula kisichosogea. Mikokoni anakula wadudu, minyoo na kaa wadogo, na anawinda kwa macho. Kitu kilicholala kimya hakijui. Mpe minyoo ya ardhini iliyokatwa vipande, chenene wadogo, au funza wa nzi askari mweusi, ambao siku hizi wanafugwa kwa wingi kwa chakula cha kuku. Uduvi ulioganda na kuyeyushwa huliwa ukitikiswa kwa koleo ndogo mbele yake. Omena waliokaushwa siwapendekezi: wanavunjika vipandevipande, mafuta yanaelea juu, na kesho yake maji yananuka. Minyoo uitoe kwenye ardhi isiyopigwa dawa, na mdudu aliyekufa kwa dawa ya kupuliza asikaribie tangi kamwe.

Kuna pia samaki anayedhaniwa hali kumbe ameshiba. Mtu mzima wa aina hizi anatosheka na mlo mdogo mara nne au tano kwa wiki. Tumbo likiwa na uviringo kidogo, mwache.

Mgeni anaweza kukataa chakula kwa siku kadhaa. Lakini mgongo ukianza kuchongoka nyuma ya kichwa na tumbo likaingia ndani huku bado anakataa, acha kubahatisha na mtafute daktari wa wanyama. Samaki waliotolewa mwituni mara nyingi wana minyoo tumboni, na dawa yake inapimwa kwa uzito wa mwili.

Shimo linaporomoka, tope limekuwa jeusi

Hapa ndipo ningependa kila mfugaji atumie muda wake mwingi, kwa sababu shimo ndiyo nyumba, kimbilio na chumba cha kuzalia. Dume huchimba kwa mdomo. Huingia kichwa mbele, hutoka na mashavu yamejaa, hutema donge la tope pembeni, hurudi, na donge juu ya donge hujenga ukingo mdomoni mwa shimo. Mikokoni shimo hushuka chini ya kiwango cha maji na lina chumba cha juu ambamo mayai hubandikwa darini. Maji ya ndani ya shimo hayana oksijeni ya kutosha, kwa hiyo dume humeza hewa juu na kuishusha chini, mdomo kwa mdomo, hadi chumba kijae hewa. Kwa Periophthalmus modestus wa Japani imeonekana kwamba mayai yakikomaa dume huitoa hewa hiyo tena, maji yakapanda, na mayai yakaanguliwa kwa kufunikwa. Samaki anayefanya kazi ya namna hiyo hawezi kuridhika na kokoto.

Shimo likiporomoka, kisababishi cha kwanza ni mchanga mtupu. Mchanga haushikani. Wa ujenzi ni mbaya zaidi kwa kuwa una kingo kali zinazochubua ngozi. Changanya mchanga laini uliooshwa na udongo mfinyanzi safi kidogo kidogo, ukifinyanga mkononi, hadi donge lishikane bila kunata. Udongo mwekundu wa shambani una mbolea na dawa. Udongo mweusi wa Embakasi na Syokimau huvimba, huelea majini kwa wiki nzima, na ukikauka hupasuka. Tope la mikokoni lenyewe usilibebe: viumbe waliomo hufa njiani na kuoza ndani ya tangi lako, na mikoko inalihitaji kuliko wewe.

Kisababishi cha pili ni kina. Sentimita tano hazitoshi. Weka 12 hadi 15 upande wa juu wa mteremko. Cha tatu ni mkondo wa filta unaopiga ukingo. Ugeuze kuelekea kioo.

Kama umejaribu na bado linaporomoka, zika bomba la PVC la inchi moja na nusu lenye kiwiko, mdomo mmoja ukiwa majini na mwingine ukitokea juu ya mteremko. Kingo zote za plastiki zipigwe msasa. Ukilazimika kubandika, tumia silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na uiache ikauke kabisa kabla ya kurudisha maji. Wengi huhamia humo siku hiyohiyo, na huendelea kuchimba mbele ya mdomo wa bomba kama kwamba wamelijenga wenyewe.

Sasa weusi. Tope la mikokoni ni jeusi chini ya sentimita chache, na linanuka yai bovu; huko ndiko kulivyo. Weusi ndani ya tangi peke yake usikutie hofu. Hatari ni kulivuruga kwa ghafla. Gesi ile ya yai bovu ni sumu kwa samaki, na ukilifukua tope lote Jumamosi moja kwa ajili ya usafi unaweza kumuua kabla ya jioni. Safisha robo ya eneo kwa wakati mmoja kwa mrija, yeye akiwa amehamishwa kwenye beseni lenye kifuniko na kitambaa chenye maji ya tangi, na uruhusu wiki mbili kabla ya robo nyingine. Madirisha yawe wazi. Harufu ikiwa kali hata kabla ya kugusa chochote, au mapovu yakipanda yenyewe, mtoe samaki kwanza, uliza baadaye.

Wamekufa wote usiku mmoja

Ugonjwa hauui hivyo. Kuna kitu kimeingia.

Kinachoongoza ni dawa ya wadudu. Dawa nyingi za kupuliza mbu na za kupigia kunguni zina pairethroidi, ambazo ni sumu kali mno kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Kufunika tangi kwa shuka hakusaidii, kwa sababu pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba hichohicho na kuipuliza majini. Fundi wa kunguni akija, tangi lihame nyumba, si chumba, na lisirudi kabla ya muda atakaokutajia. Kama mtu amepuliza tayari: zima pampu ya hewa, fungua madirisha, badilisha nusu ya maji, weka mkaa maalum wa filta. Wa jiko hautafanya kazi hiyo.

Kinachofuata ni klorini. Baada ya mgao, maji yakirudi mferejini yachotee kwanza kwenye mitungi ya kufulia. Yale ya mwanzo mara nyingi ni machafu na yana harufu kali ya dawa. Ya tangi uyachote baadaye, uyatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi usiku kucha kukiwa na pampu kunasaidia kwa klorini ya kawaida, ila mimi sitegemei hilo peke yake.

Cha tatu ni hita iliyokwama ikabaki inawaka. Gusa kioo: kikiwa moto, umeshajua. Hita mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa, kwa kuwa moja ikikwama haina nguvu ya kupika tangi zima.

Stima na maji ya chumvi ni hatari kwako pia. Zima ukutani kabla mkono haujaingia, na hita ipoe robo saa kabla ya kupunguza maji. Nyaya zipinde chini ya soketi ili matone yadondoke sakafuni. Ukihisi mtetemo wowote kwenye vidole, usimalize ulichokuwa unafanya. Zima swichi kuu ya nyumba na umwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Wanaumana

Karibu kila mara ni madume wawili kwenye tangi lisilofika mita moja. Pezi la mgongoni husimama, midomo hupanuka, na aliyeshindwa hana pa kukimbilia. Kuwatofautisha ni kazi: kile kijinyama kilicho nyuma ya tundu la haja ni kirefu na kimechongoka kwa dume, kifupi na cha duara kwa jike. Watazame wakiwa wamepanda kioo, usiwakamate kwa ajili hiyo.

Vunja mstari wa macho kwa mizizi na mawe, ongeza sehemu za kupumzikia ziwe nyingi kuliko samaki, na lisha pande mbili kwa wakati mmoja. Ukiona pezi limechanika tu, maji safi yanatosha. Ukiona kidonda chenye nyama, au jicho limeumia, tenganisha leo.

Ametoroka

Hupanda pembe za silikoni, nyaya na bomba. Ziba mianya kwa sifongo. Ukimkuta chini ya kabati amekauka nje lakini anasogeza matamvua, usimtumbukize majini. Mweke kwenye tope lenye unyevu, maji yakimfikia tumboni, kifuniko kikiwa kimefungwa, na umwache aingie mwenyewe.

Madoa meupe, pamba, tumbo kuvimba

Ukifika hapa na hewa, maji na wenzake vyote viko sawa, inawezekana kweli anaumwa. Nyuzi kama pamba kwenye mchubuko huwa ni ukungu wa majini, na mara nyingi hupona kwa maji safi yenye joto sahihi. Tumbo lililovimba huku magamba yakisimama, kuzunguka bila mwelekeo, au vidonda vyekundu vinavyopanuka si vya kutibia nyumbani.

Kama umeandikiwa dawa, pima maji, si tangi. Tangi la lita 100 la samaki wa matope lina maji lita 30 tu, na anayefuata ukubwa wa tangi ulioandikwa dukani anatia dozi zaidi ya mara tatu. Dawa zenye shaba huua pia kaa na konokono walio humo. Usichanganye dawa mbili, na usitumie antibayotiki za kuku zilizobaki nyumbani.

Vaa glavu ukiwa na mkwaruzo mkononi. Kuna bakteria wa matangi anayeitwa Mycobacterium marinum anayeingia kwenye kidonda na kuacha uvimbe usiopona kwa wiki nyingi. Ukiupata nenda hospitali, na mwambie daktari mapema kwamba unafuga samaki, maana bila kusikia hilo atatafuta kwingine.

Kwa samaki mwenyewe, tafuta daktari wa wanyama aliyesajiliwa na mwuulize kwanza kama anashughulikia samaki. Chuo cha udaktari wa wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Mpelekee picha za video za samaki akiwa ametulia, vipimo vya joto la hewa na la maji, unyevu, chumvi na amonia vikiwa na tarehe, na maji ya tangi kwenye chupa safi iliyojazwa hadi juu. Mwambie ametoka wapi: kama ni samaki wa dukani, kama ametolewa mwituni, na kama aliyemtoa alikuwa na leseni. Hori ya Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, na samaki hawaondolewi humo kwa ajili ya matangi. Na ukiamua humwezi tena, usimwachie Mto Nairobi, atakufa, wala usimrudishe mikokoni baada ya kuishi na samaki wa dukani, asije akapeleka huko vimelea walivyompa. Mpe mfugaji mwingine mwenye kifuniko cha kioo.